Muulize Fundi: Feni zinazunguka, kioo cheusi, na jamaa anataka laki na ishirini

Wiki hii barua karibu zote ni za pawasaplai, lile boksi la ndani ya kompyuta linalogawa umeme, sijui mvua zimechangia au umeme umekuwa ukienda na kurudi, ila mezani kwangu zimejaa. Nimechagua 6. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu najua iko kwa watu wengi, tatizo tu hawajui kama ndiyo hiyo.

Shikamoo fundi. Nina steshenari yangu ndogo hapa Morogoro, natoa kopi na kuprinti, kompyuta ni ya mezani ya mtumba, i5 ya kizazi cha 4. Juzi umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, ikazima na harufu ya kuungua ikatoka kwa nyuma. Nikaambiwa ni pawasaplai, nikanunua mpya elfu 45 nikafunga mwenyewe. Sasa nikiwasha feni zote zinazunguka, taa ya mbele inawaka, ila kioo cheusi, haileti chochote. Nimempelekea fundi kasema madabodi, ile bodi kuu, nayo imekufa nimpe laki na ishirini atafute nyingine. Ile plagi ndefu nimeichomeka vizuri na ya hadidiski pia. Kuna kiplagi kidogo cha waya 4, njano 2 nyeusi 2, sikuona pa kukiweka nikakifunga pembeni na uzi kisiguse kitu. Wateja wanakimbilia duka la jirani, nifanyeje? (Mwenye steshenari, Morogoro)

Marahaba mdogo wangu. Hiyo laki na ishirini iache mfukoni kwanza. Hicho kiplagi ulichokifunga na uzi ndicho chakula cha prosesa, ubongo wa kompyuta, yaani umeipikia nyumba nzima halafu baba mwenye nyumba hujampakulia.

Iko hivi. Ile plagi ndefu ya pini 24 inalisha madabodi, feni, taa, USB na vitu vya namna hiyo, ndio maana ukiwasha unaona kila kitu kinazunguka unadhani mambo yako sawa. Prosesa hailishwi na plagi hiyo. Toka enzi za Pentium 4, mwaka 2000 hapo, ilianza kupewa njia yake ya volti 12 kupitia kiplagi cha pembeni, kwa sababu prosesa zilikuwa zimeanza kula sana. Hiyo prosesa yako ya i5 watengenezaji wake wameiandikia wati 84. Na yenyewe haitumii volti 12 moja kwa moja, inataka volti zisizofika 2, sasa piga hesabu, wati 84 kwa volti kama 1.8 ni ampea kama 47, hizo ni ampea nyingi mno! Ndio maana pembeni ya prosesa kuna vile vikoili vya mraba na kapasita zimejipanga kama askari, kazi yao ni kupokea volti 12 kutoka kwenye kile kiplagi na kuzishusha. Wasipopokea, prosesa haiamki, na prosesa isipoamka hakuna wa kuleta picha wala mlio.

Tundu lake lipo, usingelikosa ungeangalia kwenye kona ya madabodi iliyo karibu na prosesa, upande wa nyuma wa kasha. Kwenye makasha ya zamani pawasaplai inakaa juu na inalifunika kabisa, kwa hiyo mtu anafunga pawasaplai kwanza halafu anatafuta tundu halioni. Fungua skrubu 4 za nyuma, ivute pawasaplai kidogo, chukua tochi ya simu, utaliona. Ni jeupe au jeusi, matundu 4 au 8. Likiwa la 8 na waya wako umegawanyika 4 na 4, zishikanishe ziingie pamoja.

Ila kabla hujatia mkono ndani: zima, chomoa waya wa ukutani kabisa, usiridhike na swichi ya ukutani, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kama 5 ili umeme uliobaki ndani uishe. Na lile boksi la pawasaplai lenyewe usilifungue hata kama una bisibisi nzuri namna gani, ndani kuna kapasita zinabeba volti zaidi ya 300 na zinaweza kukaa nazo hata baada ya kuchomoa. Mi mwenyewe nimekuwa fundi miaka mingi na bado nayaheshimu hayo maboksi.

Kwa kuwa ushaanza kujifungia mwenyewe, na mi napenda watu wanaojaribu, nikupe na mengine ya kuangalia ukiwa humo ndani. Plagi ya 24 mara nyingi inakuja ya 20 na kipande cha 4 pembeni, lazima vyote viwili viingie na kile kikulabu kilie ka! Isipolia haijafika, na ukiona madabodi inapinda kidogo wakati unasukuma usiogope sana, ila iwekee kidole kwa nyuma kama unaweza. Plagi ya hadidiski za sata ni bapa na ina umbo la herufi L ndani, haiingii kinyume, na ukilazimisha unavunja plastiki ya hadidiski na hapo ndipo kilio cha kweli kinaanzia maana data za wateja ziko humo.

Sasa mtego wenyewe ni huu. Kuna pawasaplai zina plagi 2 za pini 8 zinazofanana kama mapacha. Moja ya prosesa, nyingine ya kadi ya grafiksi, ile inayoleta picha za gemu. Kwenye moja njano za volti 12 ziko upande huu, kwenye nyingine ziko upande ule, ukibadilisha umepeleka volti 12 moja kwa moja kwenye nyeusi, ni shoti. Matundu yake yamechongwa tofauti, mengine mraba mengine yamekatwa pembe, ili zisiingiliane, lakini mtu mwenye nguvu na hasira ataingiza tu. Namna rahisi ya kuzijua: ya prosesa inagawanyika 4 na 4, ya grafiksi inagawanyika 6 na 2. Ikikataa kuingia kwa nguvu ya kawaida ya vidole 2, hapo sio pake, acha.

Ukishachomeka washa. Ikileta picha, mpigie yule fundi simu umwambie madabodi imefufuka. Ikikataa bado, toa ramu, vile vibao virefu vya kumbukumbu, safisha meno yake ya dhahabu na kifutio cha penseli, rudisha, jaribu tena, maana ramu zinalegea ukiwa unavutavuta waya humo ndani. Baada ya hapo ndio tuanze kuongea habari za madabodi, sio kabla. Na sisemi huyo jamaa ni mwizi, inawezekana hakuangalia, lakini fundi anayetaja bei kabla hajafungua kasha mimi simwelewi.

Asalaam aleikum fundi. Niko Mombasa, nimebadilisha pawasaplai juzi na kompyuta yafanya kazi sawa kabisa, lakini nikigusa kasha na mguu uko chini bila ndara yanipiga stima, si kali sana, ni kama inanichoma sindano. Rafiki kanambia nigeuze plagi. Je ni mbovu niirudishe dukani? (Kijana wa Mombasa)

Waaleikum salaam. Usiirudishe, haina kosa. Kosa liko ukutani kwako, au kwenye ekstensheni.

Kila pawasaplai ina vikapasita vidogo mlangoni vinavyotoka kwenye waya wa moto na wa nyutro kwenda kwenye bati la kasha, vinachuja makelele ya umeme yasiende kwenye redio na TV za watu. Hayo makelele yanatakiwa yaondoke kupitia waya wa ethi, ule unaoenda ardhini. Ethi isipokuwepo hayana pa kwenda, yanabaki kwenye bati, na bati linasimama na kama nusu ya umeme wa ukutani, kwako ambako ni volti 240 basi kama 120. Usishtuke, ampea zake ni kiduchu mno ndio maana unachomwa sindano na haukutupi chini. Ukiweka testa juu ya bati itawaka na jirani atakwambia kompyuta ina shoti.

Kugeuza plagi hakusaidii, na kwa plagi za kwetu zenye pini 3 hata haigeuki, ila nimeshaona watu wanatumia adapta za pini 2 za kichina au wameikata ile pini ndefu ya juu ili iingie kwenye ekstensheni. Angalia kama na wewe ndivyo ulivyo. Kama waya wako ni mzima na ekstensheni ni ya pini 3 za kweli, basi mwite fundi wa umeme wa nyumba apime ethi, nyumba nyingi soketi zina tundu la ethi lakini nyuma yake hakuna waya, au fito ya chini imeliwa na kutu, na hapo kwenu chumvi ya bahari haijambo.

Leo inakuchoma sindano tu. Lakini siku waya wa moto ukichubuka ndani ukagusa bati, bila ethi fyuzi haitakatika na kasha lote litakuwa na umeme kamili, na hapo hakuna sindano tena. Halafu jingine, hiyo hiyo volti ya kwenye bati ukichomeka waya wa HDMI kwenda kwenye TV huku vyote vimewaka, inaweza kupita hapo ikaua mlango wa HDMI. Nimeshaona TV mpya kabisa zimekufa mlango mmoja namna hiyo.

Fundi habari. Mjomba wangu yuko Marekani katutumia kompyuta kwenye kontena, ilikuwa inafanya kazi huko. Nimeichomeka hapa Dar ikalia paaa! moshi ukatoka nyuma. Hata sijabonyeza kuwasha. Imeniuma sana. Inapona? (Mpwa mwenye majonzi)

Pole. Nyuma ya pawasaplai karibu na pale unapochomeka waya kuna kiswichi kidogo chekundu, kimeandikwa 115 au 230. Nina uhakika kipo kwenye 115, nenda kaangalie.

Umeme wa Marekani ni volti 120, wa kwetu 230. Zile pawasaplai za zamani zenye hicho kiswichi, kikiwa kwenye 115 saketi ya ndani inauzidisha umeme mara 2 ili uufikie wa nchi za 230. Sasa umeileta kwenye 230 nayo ikauzidisha tena, zile kapasita kubwa 2 za mwanzoni ambazo kila moja imeandikwa volti 200 zikapewa zaidi ya 300, zikapasuka. Ule mlio ndio huo. Haisubiri uwashe maana sehemu hiyo inapata umeme ukichomeka tu.

Habari njema ni kwamba mara nyingi inakufa pawasaplai peke yake, kilichoko mbele yake kinasalimika kwa sababu umeme ulikuwa haujavuka. Mara nyingi, sio kila mara. Usihangaike kubadili fyuzi yake ya ndani, fyuzi imekatika kwa sababu vingine vimeshaungua. Nunua nyingine iliyoandikwa 100-240, hiyo inajirekebisha yenyewe, haina kiswichi, halafu ule waya wa pini bapa wa mjomba uweke kabatini, tumia wa kwetu wenye plagi ya fyuzi.

Mi nilipokuwa najifunza kazi niliua ya mteja kwa kosa hili hili, tena kiswichi nilikigusa mwenyewe kwa bisibisi nikikisafisha vumbi. Nililipa kwa mafungu miezi 3.

Mambo vipi fundi, mi ni wa Mwanza, nataka kuweka kadi ya grafiksi GTX 1660 kwenye mashine yangu ya i5 kizazi cha 4 nicheze gemu. Pawasaplai yangu ni wati 500 lakini haina plagi ya grafiksi, muuzaji kanipa adapta ya kutoka kwenye sata kwenda pini 8. Lebo inasema 3.3V 20A, 5V 22A, 12V 17A. Itabeba? (Gemaa wa Mwanza)

Poa. Haibebi, na hiyo adapta mrudishie.

Namba kubwa ya mbele ya boksi usiiangalie, ni ya kupendezesha boksi tu. Angalia mstari wa 12V, kwa sababu prosesa na grafiksi zote zinakula hapo. 12 mara 17 ni 204. Hizo ndizo wati zako za kweli. GTX 1660 peke yake ni 120, prosesa yako 84, jumla 204 kamili! Hadidiski na feni wakale wapi? Na hapo tumeiamini lebo, ambayo kwa pawasaplai nyepesi kama karatasi mi siiamini. Ukiiinua dukani ikakuzidi wepesi ujue ndani koili na kapasita ni za kuombea. Halafu 500 ya kweli isingekosa plagi ya grafiksi, kukosekana kwake peke yake kumeshakwambia kitu.

Kuhusu adapta: plagi ya sata ina vipini 3 vya volti 12, kila kimoja kinaruhusiwa ampea 1.5, jumla 4.5, yaani wati 54 basi. Tundu la pini 8 la grafiksi lina ruhusa ya kuvuta mpaka 150. Hiyo kadi haitavuta zote lakini itavuta za kutosha kuyeyusha plastiki. Nimezitoa kwenye makasha ya watu zikiwa zimeshikana na kuwa rangi ya kahawia kama andazi.

Wenye kadi yao NVIDIA wanataka pawasaplai ya wati 450 nzuri, na neno nzuri ndilo la kuzingatia. Kama hela ni ya kadi tu na haifiki kwenye pawasaplai, chukua GTX 1050 Ti, hiyo ni wati 75, na 75 ndizo ambazo tundu lenyewe la madabodi linaruhusiwa kutoa, tafuta ile isiyo na plagi ya ziada. Hutacheza kila kitu kwa ubora wa juu ila utacheza, na usingizi utaupata. Ukija kununua pawasaplai yenye waya za kuchomoa, waya zake zisichanganywe na za pawasaplai nyingine hata kama zinaingia, upande wa boksi kila kampuni inapanga pini inavyotaka.

Nina Dell Optiplex 9020, pawasaplai imekufa, nimenunua ya kawaida ya pini 24 ila kwenye bodi tundu lina pini 8 tu. Duka halirudishi hela. (Arusha)

Ndivyo zilivyo hizo, 3020, 7020 na 9020 zote tundu kuu ni la pini 8. Usichomeke plagi ya prosesa pale kwa sababu tu idadi ya pini ni sawa! Utaiua. Kuna kiwaya cha adapta, 24 kwenda 8, kimeandikwa kabisa ni cha Dell za namna hiyo, waulize wanaouza spea za mitumba. Plagi ya pini 4 ya prosesa ni ya kawaida, inaingia bila adapta. Kama kasha lako ni lile refu utaifunga pawasaplai ya kawaida vizuri, kama ni lile jembamba la kulala basi haiingii, itabidi utafute yake yenyewe ya mtumba. Wenye HP EliteDesk 800 G1 msicheke, ya kwenu ni pini 6. Siku nyingine kabla ya kwenda dukani piga picha plagi zote za zamani zikiwa zimechomekwa, na hesabu pini, nenda na simu.

Fundi, nimemaliza kufunga pawasaplai, kila kitu kinawaka, ila skrubu 1 imepotea. Nilikuwa nazo 4, nimefunga 3. Sio shida si ndiyo? (Msomaji, Tanga)

Skrubu 3 zinashika, shida sio hiyo. Shida ni iko wapi. Zima sasa hivi, chomoa waya, lilaze kasha na ulitikise taratibu huku umetega sikio. Ikilia kwa chini ya madabodi usiwashe mpaka itoke.